Vyama na klabu za wanafunzi Ndaki ya Insia, Mlimani: ada yako iende wapi

Fresha (mwanafunzi wa mwaka wa kwanza) akishamaliza foleni ya usajili na kupata chumba (au kukikosa), kinachofuata ni simu kuanza kuita. Ndani ya wiki mbili yumo kwenye magrupu saba ya WhatsApp: chama cha idara, chama cha Kiswahili, klabu ya midahalo, kikundi cha maigizo, klabu ya urithi, wasomaji wa falsafa, na jingine ambalo hajui nani kamwingiza. Kila grupu lina ada, na tangazo la ada hutoka siku ileile bumu (fedha ya mkopo ya kujikimu) linapoingia. Huwezi kulipa zote, na hata ungeweza, huna jioni saba za kuzigawa.

Majina ya klabu hubadilika kila wanapoingia viongozi wapya, kwa hiyo hapa tunapima aina, si mabango. Tunazungumzia Ndaki ya Insia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kampasi ya Mlimani, yaani idara za historia, fasihi, falsafa na taaluma za dini, lugha za kigeni na isimu, akiolojia na urithi, na sanaa bunifu. Tumeiweka pia jirani yake, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI), ambayo kiutawala inajitegemea, ila wanafunzi wake na wa ndaki wanabanana kwenye vimbweta (meza za nje za kusomea) vilevile. DARUSO hatuigusi, kwa sababu hiyo ni serikali ya wanafunzi na umo ndani upende usipende. Vyama vya dini navyo tumeviacha.

Kipimo ni kimoja. Kufikia wiki ya nane ya muhula, mwanachama wa kawaida asiye na cheo chochote amefanya nini kwa mkono wake mwenyewe? Ameandika, amesimama akasema, ametafsiri, amehariri, amepima kaburi la kale kwa futi kamba? Au amehudhuria uzinduzi, akapiga picha, akanunua fulana? Chama ambacho kazi zote zinafanywa na watu watano wa kamati, na wengine 120 ni watazamaji, ni kamati yenye mashabiki tu.

Chama cha Kiswahili

Kwa ada ya kiwango kimoja, hiki ndicho kinachorudisha zaidi, na hatusemi hivyo kwa uzalendo. Kazi zake zinafanana na za darasani, halafu zinalivuka darasa. Kikiwa hai utakuta kinafanya mambo matatu: ushairi, tafsiri na kongamano.

Kikao kizuri cha ushairi kina watu wasiozidi 15 na ubao mmoja. Mtu anaandika mshororo (mstari wa shairi), wenzake wanahesabu mizani, yaani silabi, kwa vidole na kwa sauti. Wageni hukwama hapohapo. Tarbia ya kawaida, shairi la mishororo minne kila ubeti, ina mizani 16 kwa mshororo, 8 ukwapi (kipande cha kwanza) na 8 utao (cha pili), na fresha wengi wanatoka na 15 au 17 bila kujua wamejikwaa wapi. Mara nyingi wamejikwaa kwenye m. Chukua mshororo huu: “Mtu aje na kalamu, kikao kianze hima.” Neno mtu lina mizani mbili, m-tu, kwa sababu m hiyo ni silabi inayojitegemea. Anayeihesabu kuwa moja atapata saba upande wa kwanza, ataona pengo ambalo halipo, na ataanza kuchomeka “basi” au “kweli” kulijaza. Mwanga lina mbili, mwa-nga, si tatu. Nchi lina mbili, n-chi. Ndege nalo ni mbili, ila kwa sababu tofauti, kwani n yake imeungana na d. Kikao cha saa moja na nusu kikipitia mifano thelathini ya namna hii, mtu hatakosea tena mwaka mzima, na swali la mizani kwenye mtihani wa fasihi litakuwa la bure kwake. Kama ushairi wa chama ni watu watatu walewale wanaoghani kwenye sherehe huku wengine wakipiga makofi, hapo hujifunzi kitu.

Tafsiri ndiyo kazi yenye pesa baadaye. Utaratibu unaofaa ni vikundi vya watu wanne, matini moja ya maneno kama 300, kila mtu anatafsiri peke yake nyumbani, halafu mnakutana kulinganisha sentensi kwa sentensi. Msitafsiri pamoja kuanzia mwanzo, maana mwenye sauti kubwa ndiye atakayetafsiri na watatu wataitikia. Kinachoharibu vikao hivi ni ugomvi wa istilahi: nusu saa nzima inaishia kwenye neno moja la kompyuta. Dawa yake ni faharasa ya chama, jedwali la safu tatu (neno la asili, tulichochagua, kwa nini), na kanuni kwamba neno likishabishaniwa dakika tano linaandikwa na alama ya kuuliza, mnasonga mbele. Faharasa hiyo ikitunzwa miaka mitatu inakuwa mali. Vyama vingi havina hata ya mwaka mmoja, kwa sababu ilikuwa kwenye simu ya katibu aliyehitimu.

Kongamano ni jambo kubwa zaidi. Tawi la chuo huunganishwa na wenzake kupitia CHAWAKAMA, chama cha wanafunzi wa Kiswahili wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, na uzuri wake ni kwamba unakaa meza moja na wanafunzi wa Kiswahili kutoka Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi na kusikia Kiswahili ambacho hujakizoea. Ukitaka kuwasilisha mada, yafahamu haya mapema. Ikisiri, yaani muhtasari wa mada, huwa ni maneno 200 hadi 300, na iwe na swali, data na unachokidai. Ikisiri inayoanza na “Kiswahili ni lugha muhimu duniani” huwekwa pembeni hapohapo. Wasilisho ni dakika 10 hadi 15. Ukurasa mmoja wa A4 uliochapwa kwa nafasi moja na nusu unasomwa kwa sauti kwa dakika mbili na nusu hivi, kwa hiyo kurasa tano zinatosha, sita ni za mtu mwenye pumzi. Wengi wanakwenda na kurasa 14, wanasoma utangulizi na kiunzi cha nadharia, mwenyekiti wa kikao anagonga meza, na matokeo ya utafiti hayasikiki kamwe. Anza na matokeo. Nadharia watakuuliza.

Kongamano likiwa nje ya nchi, Mtanzania anahitaji pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria. Kitambulisho cha taifa, ambacho Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanavukia mipaka baina yao, hakitakuvusha. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano nayo inaanza kuhesabika siku kumi baada ya kuchanjwa. Anayekwenda kuchanjwa siku moja kabla ya safari anapoteza nauli yake kwa uzembe wa kalenda.

Tahadhari moja kuhusu Siku ya Kiswahili Duniani, 7 Julai. UNESCO iliitangaza Novemba 2021 na ikaadhimishwa mara ya kwanza 2022, na tangu hapo kila chama cha Kiswahili kinataka kufanya jambo. Lakini Julai mara nyingi ni msimu wa UE (mitihani ya mwisho wa muhula) za muhula wa pili. Chama makini kinaandaa tamthilia, maonyesho na machapisho yake Aprili na Mei, Julai inabaki ya kuonyesha tu. Kisichojipanga kitakuita mazoezini usiku wa kuamkia mtihani, na wewe utakayefeli ndiye utakayerudi kufanya sapu (mtihani wa marudio), si chama.

Klabu ya midahalo

Hii inakuza stadi kuliko zote, na pia inakatisha tamaa kuliko zote. Wengi wanakuja na picha ya mdahalo wa sekondari: wazungumzaji wakuu wanne, ukumbi mzima unachangia, mada ni “elimu ni bora kuliko fedha”. Mashindano ya vyuo vikuu hayako hivyo. Mfumo unaotumika zaidi, ule wa bunge la Uingereza, una timu nne za watu wawiliwawili, mbili za serikali na mbili za upinzani, wasemaji wanane kwa jumla na dakika saba kila mmoja. Mada inatolewa dakika 15 kabla, huchagui upande, na intaneti hairuhusiwi. Dakika ya kwanza na ya saba ya kila hotuba zinalindwa. Katikati yake mpinzani anaweza kusimama kuomba kuingiza hoja ya sekunde 15, na msemaji anaweza kumpokea au kumkatalia. Timu ya kwanza inapata pointi tatu, ya pili mbili, ya tatu moja, ya nne sifuri.

Hesabu hiyo ndiyo inayotoa siri ya klabu. Mdahalo mmoja kamili unachukua karibu saa moja kwa hotuba peke yake, robo saa ya maandalizi, robo saa ya waamuzi kujadili na robo saa ya maoni. Saa mbili zinaisha na waliosema ni wanane. Klabu yenye wanachama 60 na chumba kimoja kwa wiki inampa mtu nafasi ya kusimama mara moja kila baada ya wiki saba au nane, yaani mara mbili kwa muhula. Hiyo si klabu ya midahalo. Kabla ya kulipa, uliza swali moja: mnaendesha vyumba vingapi kwa wakati mmoja? Vikiwa viwili au vitatu, lipa. Kikiwa kimoja, kaa nyuma wiki mbili bila kulipa uone kama majina yanazunguka au ni wale nyota sita kila siku.

Angalia pia karatasi za maandalizi. Ushindi wa mdahalo unapatikana ndani ya zile dakika 15, na anayejua anazigawa hivi: dakika mbili kimya, kila mtu anaandika peke yake, dakika tano kuweka hoja mezani na kuchagua mbili, si tano, dakika sita kujenga kila hoja kwa “kwa nini ni kweli” na “kwa nini ni muhimu”, mbili za mwisho kupanga nani anasema nini. Karatasi ya mwanafunzi mzuri ina mstari katikati, upande mmoja hoja zake, upande wa pili majibu anayoyategemea kutoka kwa wapinzani, na nafasi tupu chini ya kuandika wanachokisema kweli. Karatasi ya asiyefunzwa ni hotuba iliyoandikwa neno kwa neno hadi nusu, inaishia “mheshimiwa spika, jambo la pili”, na jambo la pili lenyewe halipo.

Kosa kubwa la klabu nyingi za aina hii ni lugha. Mashindano mengi ya kimataifa ya Afrika yanaendeshwa kwa Kiingereza, hivyo mazoezi nayo yanakuwa ya Kiingereza, na waamuzi bila kujijua wanaanza kupima lafudhi badala ya hoja. Mwanafunzi mwenye hoja kali wa kutoka shule ya kata anatoka wiki ya tatu na harudi. Klabu inayofaa inafanya chumba kimoja kwa Kiswahili na kingine kwa Kiingereza, au inabadilisha wiki kwa wiki. Kujenga hoja ni stadi ileile kwa lugha zote mbili, na anayeijenga kwa Kiswahili kwanza anaihamishia Kiingereza haraka kuliko anayehangaika na vyote kwa pamoja. Kwa mwanafunzi wa falsafa au historia, alama nne kati ya tano, ikiwa vyumba ni zaidi ya kimoja.

Klabu ya urithi na historia

Thamani yake iko nje ya chuo. Bila safari, ni mihadhara ya ziada uliyolipia mwenyewe. Dar es Salaam ina bahati hapa: Makumbusho ya Taifa yako mtaa wa Shaaban Robert, Kijiji cha Makumbusho kiko barabara ya Bagamoyo, magofu ya Kunduchi yako ndani ya jiji lenyewe, na magofu ya Kaole yako kilometa chache kusini ya mji wa Bagamoyo, safari ya kwenda na kurudi siku moja. Kilwa Kisiwani, kisiwa chenye magofu ya mji wa kale, iliyoingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia 1981, ni jambo jingine: ni mwendo wa kilometa kama 300 hadi Kilwa Masoko, kibali kinachukuliwa hapo kabla ya kupanda boti, na ukitaka kuona chochote cha maana unahitaji kulala usiku mbili. Klabu inayoahidi Kilwa “wikiendi hii” haijawahi kufika.

Safari nyingi zinakufia kwenye hesabu. Tuseme kukodi kosta (basi dogo) ni shilingi 300,000 kwa siku (namba ya mfano). Walioandika majina kwenye grupu ni 25, mratibu anagawa, anatangaza 12,000 kila mtu. Asubuhi wanatokea 18. Pengo ni 84,000, dereva anataka hela yake yote kabla ya kuwasha gari, na pengo linazibwa na fedha ya viingilio na ya chakula. Mnafika Kaole, mnalipa kiingilio cha watu kwa mafungu, mwongoza wageni hana malipo, mnazunguka wenyewe mnapiga picha makaburi ya nguzo bila kujua mnachokiona. Ukisikia safari ya klabu ilikuwa “picnic tu”, mara nyingi iliharibika kwenye hesabu hii kabla gari halijatoka chuoni. Mratibu anayejua anagawa gharama kwa theluthi mbili ya walioandika, si kwa wote. Kwa 25 anagawa kwa 17, anatangaza 18,000, anakusanya siku tano kabla, na jina ambalo halijalipwa linatoka kwenye orodha. Ikibaki chenji inarudishwa au inakuwa ya maji.

Viingilio navyo vinatofautiana kati ya raia na mgeni, na wanafunzi huwa na bei yao, kwa hiyo kila mtu abebe kitambulisho cha chuo, na barua ya mkuu wa idara yenye orodha ya majina na namba za usajili itangulie. Mwalimu mmoja wa akiolojia kwenye gari ana faida kuliko mabango yote. Magofuni, mpe kila mtu kazi: mmoja achore ramani ya msikiti kwa hatua, mwingine aandike vipimo vya kaburi, wengine wawili watafute kwenye kuta alama za matengenezo ya baadaye, ambapo chokaa na mawe vinabadilika rangi. Watu 20 wenye kazi wanakaa saa mbili. Wasio na kazi wanamaliza dakika 25 na kuuliza soko la samaki liko wapi.

Maigizo

Usijiunge ukiwa na mzigo wa masomo saba. Igizo la saa moja linataka wiki sita hadi nane, mara tatu kwa wiki, saa mbilimbili, yaani saa zisizopungua 36, na wiki ya mwisho ni kila siku. Mpangilio wa kawaida ni kusoma mezani wiki ya kwanza, kupanga nafasi jukwaani wiki ya pili na ya tatu, kuweka kitabu chini kuanzia ya nne, halafu kupita mwanzo hadi mwisho bila kusimama. Kikundi ambacho wiki ya sita waigizaji bado wameshika karatasi kitaonyesha kitu kibovu, hata kiwe na mavazi gani.

Majaribio ya katikati ya muhula ndiyo yanayoua maigizo. Mhusika mkuu anapata tarehe za majaribio wiki ya tano, anaondoka kimyakimya, na mwongozaji anatafuta mtu wa kukariri kurasa kumi ndani ya siku nane. Kikundi chenye akili kinampa kila mhusika mkuu mbadala tangu wiki ya kwanza, na mbadala anafanya mazoezi halisi mara moja kwa wiki, si kukaa pembeni na simu. Ukipewa nafasi ya umbadala, ichukue kwa mikono miwili. Mara nyingi ndiyo itakayokupandisha jukwaani.

Kwa wasiotaka kuigiza kuna kazi nyingine: mavazi, taa, sauti, mlango. Mshika mavazi mzuri ana daftari lenye ukurasa kwa kila onyesho dogo: nani anaingia, amevaa nini, ameshika nini, anaingilia upande gani. Khanga moja ikibaki upande usio wake, mama wa kijijini ataingia na suruali ya jinzi. Vikundi vya vyuo vya ukanda huu viliwahi kufanya makubwa zaidi ya kumbi zao: Makerere ilikuwa na maigizo ya kuzunguka miji na vijiji miaka ya 1960, na Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanza ya kwake 1974, bila kiingilio. Kikundi chako kikiwa hakijawahi kutoka hata kwenda shule ya sekondari ya jirani, waulize kwa nini.

Jarida la wanafunzi

Mara nyingi halina klabu yake, linakuwa kamati ndani ya chama kingine, nalo ndilo jambo la kwanza kufa. Inasikitisha, maana Mlimani ina urithi hapa. USARF, chama cha wanafunzi wenye mwelekeo wa mapinduzi kilichoanzishwa 1967, mwenyekiti wake akiwa Yoweri Museveni aliyekuja kuwa rais wa Uganda, kilitoa jarida la Cheche kwa stensili na kuendesha madarasa ya Jumapili wakati Walter Rodney akifundisha historia hapohapo. Chama na jarida vyote vilipigwa marufuku 1970. Walichapa kwa mashine za kuzungusha kwa mkono. Siku hizi kila mtu ana simu yenye uwezo wa kupanga kurasa, na jarida halitoki.

Halitoki kwa sababu wahariri wanasubiri makala 20. Saba zinatosha. Jarida la ukubwa wa A5 linatengenezwa kwa kukunja A4 katikati, kwa hiyo kurasa huenda kwa nne: kurasa 24 ni karatasi 6, stepla mbili kwenye mkunjo. Ukiwa na makala ya kurasa 25, huna ukurasa mmoja wa ziada, una kurasa nne, na tatu zitakuwa tupu. Nakala 100 za kurasa 24 ni karatasi 600. Rimu moja ina 500, kwa hiyo nunua mbili, maana zitakazoharibika kwenye mashine ya steshenari hazikwepeki. Piga nakala moja kwanza, ikunje, isome yote, ndipo uruhusu zilizobaki. Ukurasa wa 3 ukijikuta nyuma ya wa 22 na nakala 100 zimeshatoka, utauza karatasi za kufungia vitumbua.

Lugha za kigeni, falsafa, na chama cha idara

Klabu za Kifaransa na Kichina zinafaa kama mazungumzo yanafanyika kwa vikundi vya watu sita hadi wanane na kila kikundi kina mtu mmoja aliyetangulia. Zikiwa kuangalia filamu tu, angalia nyumbani. Anayelenga mtihani wa DELF (wa Kifaransa) au HSK (wa Kichina) apime klabu kwa idadi ya dakika anazosema yeye, si anazosikiliza. Wasomaji wa falsafa ndio wenye gharama ndogo kabisa: nakala ya kurasa 15 na kimbweta. Kundi likipanga kurasa 60 kwa wiki, wiki ya tatu atakuwa amesoma mtu mmoja, naye atahutubia.

Chama cha idara, kwa uzoefu wa vingi, ni uchaguzi, fulana na sherehe ya kuwaaga mwaka wa tatu. Kama unataka kujifunza kugombea na kupoteza kwa heshima, sawa. Vinginevyo CR (mwakilishi) wa darasa lako anafanya kazi hiyohiyo bila ada.

Kabla ya kutuma hela

Uliza katiba, na usome vifungu vitatu tu: akidi (idadi ya chini ya wahudhuriaji) ya mkutano mkuu, watia saini wa fedha, na makabidhiano. Akidi ikiwa nusu ya wanachama wote na chama kina watu 150, hakuna mkutano utakaowahi kutimia, na kamati itajiamulia kila kitu kwa “dharura”. Robo au theluthi ndiyo inayowezekana. Watia saini wawe watatu na wawili watoshe kutoa fedha, mmoja akiwa mlezi ambaye ni mwalimu. Chama kisichosajiliwa kwa Mshauri wa Wanafunzi hakipati ukumbi, na utagundua siku ya tukio.

Namba ya kulipia ikiwa ni ya simu binafsi ya mweka hazina, ngoja. Huenda si mwizi. Lakini ada ya chama ikichanganyika na hela yake ya kula, mwisho wa muhula yeye mwenyewe hataweza kuzitenganisha. Omba kuona daftari la mapato na matumizi la mwaka uliopita. Liwe na tarehe, jina, kilichoingia, kilichotoka, salio, na namba ya risiti pembeni. Matumizi yenye neno “mengineyo” mara tatu kwenye ukurasa mmoja ni jibu tosha.

La mwisho ni makabidhiano. Shahada nyingi za ndaki ni miaka mitatu, na chama kinachoongozwa na mwaka wa tatu kinapotea Julai pamoja nao: nywila ya baruapepe, ukurasa wa Instagram, mhuri, nakala za barua za kuomba ukumbi, faharasa, namba za madereva wa kosta. Vinavyodumu vina viongozi wa mwaka wa pili, vinafanya uchaguzi Aprili, na wa zamani wanakaa na wapya hadi Mei. Njia rahisi ya kupima: mwulize katibu wa sasa akuonyeshe kumbukumbu za kikao chochote cha miaka miwili iliyopita. Akitafuta kwenye simu yake zaidi ya dakika tano, weka hela yako mfukoni, kanunue madesa (nakala za kusomea).